Kabla Dawa Haijaingia Mshipani

Mwanafunzi wa uparamediki, awe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, hukaririshwa mambo matano kabla hajaruhusiwa kushika bomba la sindano: mgonjwa awe ndiye, dawa iwe ndiyo, dozi iwe ndiyo, njia ya kuitoa iwe ndiyo, na wakati uwe ndio. Huyarudia mpaka yamkae kichwani, na siku ya mtihani wa vitendo msimamizi husimama pembeni na karatasi yake akitia alama ya vema kila jambo linapotajwa. Sina ugomvi na mambo hayo matano, yamewaokoa wengi. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kuyatimiza yote, asikosee hata nukta ya desimali, na bado mgonjwa akaumia kwa sababu dawa ile hakustahili kupewa. Swali la kama apewe au asipewe huachiwa daktari aliye kwenye simu, au mwongozo uliobandikwa ndani ya gari la wagonjwa, au mazoea tu. Hoja yangu leo ni kwamba swali hilo ni la paramediki mwenyewe, na kwamba lifundishwe na litahiniwe kwa uzito uleule tunaoupa ufundi wa kutafuta mshipa. Najua vipo vyuo vilivyorefusha orodha, vikaongeza jambo la sita, la saba, hata la kumi, na humo ndani ikawamo sababu ya kutoa dawa. Lakini sababu ikishakuwa mstari mmoja zaidi wa kutiwa vema, hugeuka kibwagizo. Mwanafunzi huitamka bila kuipima.

Ushahidi wa kwanza haupatikani mbali. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uitwao FEAST, ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland kutoka kituo cha utafiti cha Kilifi, pwani ya Kenya, na kufanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Muheza, mkoani Tanga, ilikuwamo. Mbale, Soroti na Mulago zilikuwamo. Watoto 3,141 waliofika na homa kali, hali zao mbaya na mikono yao ya baridi kwa sababu damu haikuwa ikizunguka vizuri, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa dripu ya haraka ya maji ya chumvi, la pili likapewa dripu ya haraka ya albumini, na la tatu halikupewa dripu ya haraka kabisa, ila maji ya kawaida ya kumtunza mgonjwa pamoja na tiba nyingine zote. Karibu kila mtaalamu angeweka dau lake upande wa dripu. Ndivyo vitabu vilivyofundisha, na ndivyo nchi tajiri zilivyofanya. Baada ya saa 48, katika makundi mawili ya dripu ya haraka walikuwa wamefariki karibu watoto 10.5 katika kila 100. Katika kundi la tatu walikuwa 7.3. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake. Kwa hesabu ya kawaida, katika kila watoto mia moja waliopewa dripu ile kwa nia njema kabisa, watatu zaidi walikufa.

Kuna jambo ndani ya utafiti huo ambalo hata wanaoutaja mara nyingi hulipita, nami naona ndilo la kumkalisha chini mwanafunzi. Baada ya saa moja tu, watoto waliopewa dripu walionekana vizuri zaidi. Dalili za mzunguko mbovu wa damu zilikuwa zimeondoka kwa asilimia 43 ya waliopewa, na kwa asilimia 32 ya wasiopewa. Fikiria muuguzi au paramediki aliyesimama pale kitandani: ameweka dripu, mikono ya mtoto imepata joto, mapigo yametulia, mama ameanza kushusha pumzi. Jicho lake linamwambia amefanya jambo jema. Angefanya hivyo hivyo kwa mtoto wa kesho na wa keshokutwa, na kila mara angethibitishiwa. Vifo vya ziada vilikuja baadaye, wakati aliyeweka dripu ameshatoka zamu. Ndiyo maana uzoefu peke yake hautoshi. Mtu anaweza kufanya kosa lilelile kwa miaka ishirini na kila mara akaona limefanikiwa, kwa kuwa hayupo pale madhara yanapotokea. Na paramediki, kuliko mtumishi yeyote wa afya, ndiye anayeondoka mapema. Humkabidhi mgonjwa mlangoni, akarudi barabarani.

Hapo mtu atanijibu, na jibu lake lina nguvu: kama jicho hudanganya hivyo, basi dawa yake ni mwongozo. Watafiti wamekwishahesabu kwa niaba yetu. Mwambieni mwanafunzi afuate mwongozo na aache kufikiri sana. Nakubali nusu ya kwanza. Mwongozo unajua mambo ambayo hakuna mtu mmoja anayeweza kuyaona katika maisha yake yote ya kazi. Lakini mwongozo haumjui mgonjwa aliye mbele yako. Unajua aina ya mgonjwa, na kazi ya kusema huyu ni wa aina hiyo au siye inabaki kwako. Turudi kulekule kwenye FEAST. Utafiti ule haukuwachukua watoto wenye kuhara na kutapika, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua au kuumia. Sasa paramediki aliyesikia kwa haraka kwamba dripu inaua watoto wa Afrika akafika kwenye nyumba yenye mtoto aliyeharisha tangu jana usiku, macho yameingia ndani, ukiifinya ngozi ya tumbo inachelewa kurudi, akaogopa kuweka maji, amemkosesha mtoto huyo kitu pekee alichokihitaji. Watoto wawili, wote wana mikono ya baridi, wote wana mapigo ya mbio. Mmoja dripu ya haraka humdhuru, mwingine humwokoa. Kinachowatenganisha hakipo kwenye kichupa wala kwenye orodha ya mambo matano. Kipo kwenye maswali mawili matatu kwa mama na kwenye kidole kinachofinya ngozi.

Shirika la Afya Duniani nalo, lilipotoa mwongozo mpya mwaka 2016 kuhusu watoto mahututi, halikuandika tu toa au usitoe. Lilisisitiza kwamba mtoto ahesabiwe kuwa na mshtuko wa mzunguko wa damu iwapo ana dalili tatu zote kwa pamoja: mikono na miguu ya baridi, rangi ya kucha kuchelewa kurudi zaidi ya sekunde tatu ukishaiminya, na mapigo dhaifu yaendayo mbio. Na hata huyo maji yake yaende polepole kuliko zamani. Mwenye dalili moja au mbili asipewe dripu ya haraka. Tazama maana yake kwa mwanafunzi. Mwongozo mzuri haukumpunguzia kazi ya kuamua. Umeisogeza tu kutoka kwenye dawa kwenda kwenye uchunguzi. Anayehesabu sekunde tatu kwa pupa amekwishaamua vibaya kabla hajagusa mfuko wa dripu. Wala hili si la watoto peke yao. Lusaka, Zambia, watu wazima wenye maambukizi makali na presha iliyoshuka, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI, walipotibiwa kwa utaratibu wa maji mengi ya haraka na dawa za kupandisha presha, asilimia 48 walifia hospitalini, ilhali kwa waliopewa huduma ya kawaida ilikuwa asilimia 33. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017.

Saa nayo ni sehemu ya dawa. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu igande, ni rahisi kuitoa na bei yake si ya kutisha. Utafiti wa CRASH-2, uliochapishwa mwaka 2010 na uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha kwamba inapunguza vifo. Walipochambua upya mwaka uliofuata, wakakuta siri imo kwenye muda. Ikitolewa ndani ya saa moja tangu kuumia, faida ni kubwa. Kati ya saa moja na tatu, bado ipo. Zikipita saa tatu, vifo vya kutokwa damu huongezeka badala ya kupungua. Majeruhi ni yuleyule, gramu ni ileile, mshipa ni uleule. Kwa hiyo swali la ajali ilitokea saa ngapi ni uamuzi wa tiba, si la kujaza fomu. Na kwetu swali hilo lina mtego wake. Shahidi wa ajali atasema saa nane, akimaanisha saa nane mchana. Paramediki aliyechoka, akijaza fomu inayotaka saa za ishirini na nne, akiandika 08:00 badala ya 14:00, na gari likafika hospitali saa kumi jioni, daktari atahesabu saa nane zimepita na ataizuia dawa ambayo majeruhi alikuwa bado na saa nzima ya kunufaika nayo. Sijaona orodha ya mambo matano inayolikamata kosa hilo.

Isije ikadhaniwa ninahubiri woga. Kutotoa dawa nako ni uamuzi, na kunaua vilevile. Mfano mbaya kuliko yote ni wa mzio mkali: mtu ameumwa na nyuki au amechomwa sindano ya penisilini, midomo imevimba, pumzi inapiga filimbi, presha inashuka. Dawa yake ya kwanza ni adrenalini, kwenye msuli wa paja, upande wa nje, mara moja. Mara nyingi anayetibu huiogopa, akakimbilia haidrokotisoni na piritoni, dawa ambazo hazifungui koo wala hazipandishi presha kwa wakati unaotakiwa. Ukimuuliza kwa nini, atasema adrenalini ni dawa ya hatari. Si mwongo. Ampuli ndogo ya mililita moja ina miligramu moja, na ndiyo hiyohiyo inayotumika moyo unaposimama, ambapo hutolewa yote mshipani. Kwa mtu mzima mwenye mzio ni nusu ya mililita, kwenye msuli. Nusu hiyo ikisukumwa mshipani kwa haraka kwa mtu ambaye moyo wake unapiga, unaweza kuvurugika papo hapo. Kwa mtoto wa kilo 14, hesabu ni sehemu moja ya mia ya miligramu kwa kila kilo, yaani miligramu 0.14, yaani mililita 0.14, ambayo huwezi kuipima kwa bomba la mililita tano. Inataka lile jembamba la mililita moja. Nukta ikihama nafasi moja, mtoto anapata dozi mara kumi. Woga huo basi una msingi, lakini tiba yake haiwezi kuwa kuacha dawa kwenye mkoba.

Tiba yake, kwa maoni yangu, ni sentensi moja inayotamkwa kwa sauti kabla ya sindano: nampa adrenalini kwa sababu ana mzio na hawezi kupumua, natarajia pumzi na presha vibadilike ndani ya dakika tano, visipobadilika, narudia dozi. Sentensi hiyo ina vitu vitatu ambavyo mambo matano hayana. Ina sababu inayoweza kupingwa, ina utabiri unaoweza kushindwa, na ina hatua inayofuata. Zaidi ya hayo, ina msikilizaji. Muuguzi au dereva aliyeko kando akisikia mililita moja nukta nne kwa mtoto wa kilo kumi na nne, hata kama hakusomea dawa, atakuwa na la kuuliza, kwa sababu ampuli nzima ni mililita moja na mwenzake anataka zaidi ya ampuli. Kosa lililobaki kichwani halina wa kulisahihisha. Na ile hadithi ya watoto walioonekana vizuri kwa saa moja inatuonya tusiutukuze utabiri wa dakika tano kupita kiasi: unakwambia kama dawa imefanya kazi yake ya papo hapo, haukwambii kama mgonjwa atapona. Ndiyo maana sababu yenyewe lazima itoke kwenye ushahidi, na si kwenye kile kilichoonekana kusaidia juzi.

Pingamizi la pili ni la watu wa kazini, nao husema kwa ukali: barabarani hakuna muda wa kutunga sentensi. Lakini sentensi niliyoitaja huchukua sekunde kumi, pungufu ya muda wa kuvunja ampuli na kuvuta dawa. Upo wakati mmoja ambao nawakubalia kabisa, nao ni moyo uliosimama. Pale mazoezi ndiyo yanayotawala, mikono inajua zamu yake, na ni haki iwe hivyo. Ila hata pale ushahidi umetufundisha kiasi. Utafiti wa Uingereza uitwao PARAMEDIC2, wa mwaka 2018, ulitekelezwa na maparamediki wenyewe kwa wagonjwa 8,014 ambao mioyo ilisimama nje ya hospitali, wengine wakapewa adrenalini na wengine maji ya chumvi bila maparamediki kujua kipi ni kipi. Waliokuwa hai baada ya siku 30 walikuwa asilimia 3.2 kwa adrenalini na 2.4 bila hiyo. Faida ipo, ni ndogo, na miongoni mwa walioruhusiwa kutoka hospitali, wenye ulemavu mkubwa wa ubongo walikuwa asilimia 31 upande wa adrenalini, dhidi ya karibu 18 upande wa pili. Hilo halimwambii mwanafunzi aache adrenalini. Linamwambia asiache kukandamiza kifua wala asichelewe kurusha umeme kwa sababu anahangaika na mshipa.

Pingamizi la tatu nalisikia zaidi kwetu: tafiti hizi za magari yenye vifaa vyote zinatuhusu nini sisi, ambao gari la wagonjwa aghalabu lina dereva na muuguzi mmoja, na Tanzania mama mjamzito akipiga namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura, huenda akabebwa na dereva wa kawaida wa kijiji? Nadhani zinatuhusu zaidi. Penye dawa chache na mtu mmoja, kila dozi ina uzito, na hakuna wa pili wa kugundua kosa isipokuwa useme mwenyewe kwa sauti. Chukua oksijeni. Huko Tasmania, Australia, maparamediki walijaribu kwa wenye ugonjwa sugu wa mapafu waliobanwa pumzi kupima oksijeni na kuitoa kwa kiasi, wakilenga kipimo cha oksijeni katika damu cha asilimia 88 hadi 92, badala ya kuifungulia yote. Katika wagonjwa 405, waliopewa nyingi walikufa asilimia 9. Waliopimiwa, asilimia 4. Kwa mzee ambaye mapafu yake yameharibiwa na sigara, au bibi aliyepikia kuni miaka yote, mtungi mmoja unaotolewa kwa kipimo unafaa zaidi kwake na unadumu zaidi kwa wengine. Aliye hoi kwa kukosa oksijeni apewe, hapana ubishi. Ninachozungumzia ni mkono unaofungulia mpaka mwisho kwa sababu ndivyo ilivyo desturi.

Wengine wataniuliza kama si hatari kumpa kijana wa miaka ishirini na mbili mamlaka ya kuamua. Mamlaka anayo tayari. Kila anapofungua mkoba au kuuacha umefungwa, ameamua. Tofauti ni kama tumemfundisha au tumemwacha akisie. Mipaka ya dawa anazoruhusiwa iwekwe na ifuatwe, na penye shaka apige simu. Daktari aliye upande wa pili wa simu hamwoni mgonjwa, anaona maneno ya paramediki tu, na akielezwa vibaya ataagiza vibaya.

Kwa hiyo napendekeza kituo kimoja kiongezwe kwenye mtihani wa vitendo, na hakihitaji vifaa zaidi ya vilivyopo. Mwendesha bodaboda amekutwa amekaa kando ya barabara, jasho linamtoka, anaongea ovyo, na watu wanasema amelewa. Mwanafunzi apime sukari, akute imeshuka hadi 2.1. Aweke dripu ya sukari ya asilimia 10, si ile nzito ya asilimia 50 inayounguza nyama ikivuja nje ya mshipa. Huko Uingereza, utafiti wa mwaka 2005 ulikuta wagonjwa huzinduka kwa muda uleule, kama dakika nane, kwa gramu 10 badala ya 25. Mpaka hapo apewe alama chache. Sasa mgonjwa anazinduka, anashukuru, anataka funguo za pikipiki yake, na mfukoni mwake kuna karatasi ya vidonge vya glibenklamidi, dawa ya kisukari inayoendelea kushusha sukari kwa saa nyingi baada ya dripu kwisha, hasa kwa mtu ambaye hajala tangu asubuhi. Mtahini amuulize mwanafunzi kama anamruhusu aende. Akisema ndiyo, aangushwe, hata kama mshipa aliupata kwa mara ya kwanza.